Magogo ya mjomba, trekta la kukodi na kanga iliyokwenda na propela

Mwaka jana mwezi wa tano mjomba wangu alikata mikorosho 34 kwenye shamba lake huko upande wa Tandahimba, mkoani Mtwara, mimi nikaenda likizo mwezi wa saba nikakuta magogo yamelala pale pale yalipoangukia. Matawi hakuna tena, majirani walishayamaliza, chochote chenye unene wa mkono au wa paja kilishabebwa siku nyingi. Kilichobaki ni mashina yenyewe na zile panda, pale shina linapogawanyika, yale mapande ambayo ukiyakumbatia vidole havikutani. Nikamuuliza, mjomba, haya unayafanyaje? Akasema, "Mvua zikikaribia tutayatia moto hapo hapo mpwa wangu, mchwa wameshaanza kuyala, na nani atakaa ayapasue haya?"

Sasa asubuhi ile ile, kabla sijafika shambani, nilikuwa nimepishana na akina mama watano wanatoka porini kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani, na mmoja alitua mzigo tukasalimiana kwa hiyo kuni zenyewe nilizitazama kwa karibu. Vijiti vya unene wa kifundo cha mkono, vimekatwa na panga, ukikwaruza gome na kucha ndani bado kijani na panatoka maji. Miti michanga kabisa. Wameenda saa nzima na zaidi kwa mguu, wakati nyuma ya nyumba zao kuna kuni za mwaka mzima zinasubiri kiberiti.

Hili jambo nimekua nalo, nimeliona toka niko mdogo, ila siku ile ndo lilinikaa kichwani. Mti mchanga unakatwa kwa sababu hauhitaji kupasuliwa, basi. Panga moja linatosha, unafunga mzigo unaondoka. Gogo nene linataka shoka zuri, kabari, nyundo, mtu mwenye nguvu na siku nzima ya kupoteza, na kwetu kuni ni kazi ya mama wakati huyo mwenye nguvu mwezi wa saba yuko na mashine ya kupulizia salfa mgongoni kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Kwa hiyo kile kikubwa kinachomwa shambani bure na kile kidogo ambacho kingekuwa mti kesho kinaishia jikoni. Mimi hii inaniuma kweli, ndo maana naandika yote haya.

Kwa msomaji wa mbali anayeshangaa mtu wa kusini anakataje mikorosho, ni hivi. Shamba la mjomba lilipandwa na mjomba wake yeye, miti imebanana, matawi yamefungamana juu mpaka chini ni giza. Mkorosho unatoa maua pembeni mwa taji, pale jua linapofika, sasa miti ikishikana unabaki na kivuli kizuri cha kupumzikia na korosho kiduchu. Ushauri wa watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, ni kuacha mita 12 kwa 12 kati ya mti na mti, ukipiga hesabu ni kama miti 28 kwa eka, na mjomba alikuwa nayo zaidi ya mara mbili ya hapo. Mingine ameikata kabisa, mingine ameacha kisiki kifupi kichipue aje abebeshe vikonyo vya mbegu bora. Wazee wengi sa hivi wanafanya hivyo hivyo, kwa hiyo magogo kama yale yako mengi tu, pita kuanzia Nanguruwe mpaka Newala utayaona.

Tulianza na shoka, mimi na binamu zangu wawili. Siku nzima tulipasua magogo mawili. Mkorosho sio mti mgumu kama mkambala, shida ni umbo, shina lake ni fupi, matawi yanaanzia chini, kila hatua kuna fundo au panda na nyuzi zinapita huku na huku, unapiga kabari inazama yote na gogo limetulia tu. Jioni mikono haishiki hata tonge.

Jirani wa mjomba ana trekta, Massey Ferguson 290, la zamani lakini linatunzwa. Kazi ya kulima inaisha mwezi wa kwanza, baada ya hapo linavuta tela la tofali na tangi la maji maana kule juu kwenye uwanda maji ni shida ya miaka yote, na siku nyingine limepaki tu chini ya mwembe. Injini ya silinda nne, nguvu ya farasi karibu 80, zimekaa. Nikaongea na mwenyewe tukakubaliana bei ya kutwa, dizeli juu yangu na dereva wake huyo huyo.

Kifaa cha kwanza tulichotumia kilikuwa ile koni. Walioiona kwenye video za simu wanaijua: chuma kama pia, ncha kali, kimechongwa uzi wa skrubu kuanzia nchani mpaka kwenye shina, kinazunguka, unasogeza gogo, uzi unalivuta lenyewe na jinsi koni inavyonenepa ndivyo gogo linavyofunguka. Kuna fundi mmoja mjini alikuwa nayo tayari, ameifunga kwenye stendi yenye beringi mbili za lori, na kutoka kwenye stendi ile mpaka kwenye pitio ya trekta, yaani ile ncha ya nyuma inayozunguka kuendesha vifaa, inakuja propela, ile shafti yenye krosi, maungio yanayopinda, mwanzo na mwisho. Kava la plastiki linalotakiwa kuifunika propela halikuwepo. Nikamuuliza, akasema hayo makava huwa yanapasuka haraka watu wanayatoa, na mimi nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka.

Kwenye magogo yaliyonyooka koni ni tamu, siwezi kuficha. Sekunde nne tano gogo limekuwa mawili, unasikia linalia krrr halafu paa. Ila ikikutana na panda hadithi inabadilika, uzi umeshaingia, nyuzi za mti hazikubali kuachana, basi gogo zima linaanza kuzunguka pamoja na koni. Stendi ilikuwa na bomba la kuzuia gogo lisizunguke, gogo la tatu lenye panda lililipinda lile bomba kama mshumaa. Trekta likazimwa. Halafu sasa kuitoa, pitio inazunguka upande mmoja tu, hairudi nyuma, kwa hiyo mlivyonasa mmenasa, ilibidi tulichonge gogo kwa shoka pande zote mpaka likaachia, saa nzima na nusu imeondoka kwa gogo moja.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifanya niachane nayo ni siku ya pili saa nne asubuhi.

Mke wa mjomba alikuja na ungo kuokota vibanzi vya kuwashia moto. Mimi ndo nilikuwa nasogeza gogo, dereva kakaa kwenye kiti, binamu yangu anavuta vipande. Hakuna aliyemwambia asipite kati ya trekta na stendi, na yeye angejuaje, amekuja nyuma ya nyumba yake mwenyewe kuchukua vibanzi. Alijifunga kanga kiunoni juu ya gauni, aliikunja tu ile ya kuchomeka, hakupiga fundo. Kusi lilikuwa linavuma, si mnajua mwezi wa saba, likainua pindo. Pindo likagusa krosi.

Sikuona kanga ikivutwa. Nilichoona ni kanga ipo kiunoni, halafu ipo kwenye propela, imejiviringa imekuwa donge la rangi nyekundu na nyeupe na ncha yake inapigapiga pa pa pa kwenye chuma. Mama yetu amesimama na gauni lake na ungo mkononi, hajasogea hata hatua. Dereva alikanyaga klachi akazima. Kukawa kimya, tunasikia majani tu.

Baadae usiku nikapiga hesabu kwenye simu maana usingizi haukuja. Pitio inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara 9 kwa sekunde moja. Pale kwenye krosi unene ni kama sentimita 10, mzunguko mmoja unavuta sentimita 31 za nguo, mara 9, karibu mita 2 na sentimita 80 kwa sekunde. Urefu wa kanga hauzidi mita moja na nusu na kidogo. Yani kanga nzima imekwisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi ya kupiga kelele, dereva hata angekuwa na mguu juu ya klachi muda wote asingewahi. Kilichomuokoa ni kwamba hakupiga fundo. Na wanawake wetu wangapi wakiwa kazini wanapiga fundo, tena gumu, ili isiwasumbue?

Mjomba hakunifokea. Aliikata ile kanga kwa kisu akaitoa vipande vipande kwenye shafti, akaniambia, "Mpwa, kifaa hiki kirudishe kilikotoka." Nikasema sawa mjomba. Mchana ule ule kikapakiwa.

Nilitaka kuacha kabisa. Ila magogo bado yalikuwa pale na kiberiti kinasubiri, na jirani mwenye trekta akasema mbona mnahangaika na pitio, trekta lina haidroliki, si ndo inayonyanyua jembe? Kweli. Mafuta ya haidroliki unaweza kuyatoa kwa hosi ukayapeleka kwenye silinda popote unapotaka, na nje hakuna kitu kinachozunguka hata kimoja. Tukatafuta silinda ya tipa kwa watu wa skrepa, kipenyo cha pistoni sentimita 10, mwendo wake sentimita 60. Fundi mwingine akatuchomelea juu ya boriti nene ya chuma, mbele akaweka kabari iliyokatwa kwenye kipande cha reli, silinda inasukuma gogo kwenda kwenye kabari. Valvu moja ya leva, hosi moja ya kwenda, moja ya kurudi. Hayo tu.

Nguvu yake ni hesabu nyepesi, pistoni ya sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba 78 na nusu, presha tukiwa kwenye baa 150 msukumo unakuwa karibu tani 12. Tani 12 mbele ya ncha ya reli, hakuna panda ya mkorosho inayobisha sana hapo.

Kasi ndo ndogo. Tulipima pampu ya trekta kwa ndoo, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde kama 70, kwa hiyo lita 17 kwa dakika hivi. Silinda yetu inataka lita 4.7 kutoka mwanzo mpaka mwisho, maana yake sekunde 16 au 17 kila ikisukuma, halafu irudi. Ukiwa umeizoea koni unaona hii inatambaa. Fundi akatuambia anaweza kufunga pampu kubwa kwenye pitio iende mara tatu ya hapo, nikakataa, kwa sababu pampu ya pitio maana yake tumerudi kwenye kitu kinachozunguka nyuma ya trekta. Na ukweli, zile sekunde 17 hazipotei. Ndo muda wa mwenzako kuviringisha gogo linalofuata, kutoa vipande, kufuta jasho. Mwendo wa kazi unakuwa wa binadamu, mnaongea, mnasikizana. Siku ya tatu mjomba mwenyewe alikuwa kwenye leva na hakutaka kuiachia.

Sheria zetu zilikuwa chache lakini hatukuzivunja. Anayeweka gogo ndiye huyo huyo anayevuta leva, hapana mtu mwingine, kwa sababu vidole vinakwenda pale mmoja anaporekebisha gogo na mwenzake anadhani tayari. Wengine wanaleta na kuondoa, tena wakisimama pembeni, maana gogo lenye mvutano linaweza kuruka kipande. Magogo yakatwe na chenso sawasawa pande zote mbili, sentimita 45 hivi, likikatwa mshazari linainuka na kuchoropoka. Panda hatuanzi katikati, tunamega pembeni kidogo kidogo kama unavyomenya muhogo, inabaki roho tu. Hosi ikivuja usiweke kiganja kutafuta tundu, mafuta ya presha ile yanapenya ngozi na hospitali ni mbali, tumia kipande cha boksi. Na usafi wa maungio ya hosi, jamani, kwenye haya matrekta mafuta ya haidroliki ndo hayo hayo yanayolainisha gia ndani, mchanga ukiingia umemuharibia mtu trekta lake zima kwa ajili ya kuni. Tulikuwa tunafunga ncha za hosi na mfuko safi kila jioni. Watoto na kanga tukavichorea mstari kwa jivu, hatua kumi, japo hakuna kinachozunguka tena.

Siku tano tulifanya kazi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, tukamaliza miti 23. Dizeli iliyokwenda lita 58. Tela nane za kuni. Ukiniuliza kama inalipa, kwa mtu mmoja na jiko lake moja hapana, nunua shoka zuri na uombe radhi mgongo wako. Inalipa mkiwa wengi. Sisi tulichangishana familia sita, waliokosa hela wakaleta nguvu zao, na kila mtu akalipwa kuni. Ukitaka kuzipeleka mjini kuuza, pita ofisi ya kijiji na kwa watu wa misitu kwanza hata kama ni miti uliyopanda mwenyewe, maana njiani unaulizwa karatasi.

Kuna kitu kingine nilikuwa sikijui vizuri mpaka nilipokipima. Nilichukua mzani wa mjomba wa kupimia korosho, nikapima kipande kimoja kilichopasuliwa, kilo 6.2. Nikapima na gogo moja ambalo halijapasuliwa, kilo 41. Nikaviwekea alama ya chaki, tukavipanga na vingine juu ya mawe, kuni zimepishanishwa upepo upite katikati, sehemu inayokabili kusi. Katikati ya mwezi wa tisa binamu yangu akavipima akanipigia simu. Kipande, kilo 3.9. Gogo, kilo 36 na chini limeshaingia mchwa. Yani kile kidogo kimeachia zaidi ya theluthi ya uzito wake, yote maji, na lile gogo limeng'ang'ania maji yake kwa sababu gome linayazuia na yanatokea kwenye ncha tu. Hayo maji kama hayakutoka kwa upepo yatatoka jikoni, moto unaanza kuyachemsha yale kwanza ndo uje kwenye sufuria lako, na moshi wake ndo ule unaomfanya mama apike amefumba macho. Nimekaa jiko la mke wa mjomba mwezi wa kumi na mbili nikiwa na kuni zile, kwa kweli nilikaa ndani, kwenye kigoda, tukaongea nusu saa na sikutoka nje kufuta macho. Zamani nilikuwa nasalimia kutokea mlangoni.

Najua kuna watakaosema mbona serikali inataka watu waachane na kuni, mkakati wa nishati safi ya kupikia unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Naunga mkono, na nyumbani kwangu Mtwara mjini napikia mtungi wa gesi. Lakini kule juu mtungi ukiisha ni safari na nauli, na msimu wa unyago ukifika watu wanapikia masufuria ambayo hayakai kwenye jiko la gesi la plati mbili, shughuli moja inakula kuni za mwezi mzima. Mwaka jana shughuli mbili za kitongoji kile zilipikwa kwa magogo ya mjomba. Nilienda kwenye moja. Wapishi walikuwa wanagonganisha kuni mbili mbili kabla ya kuziingiza, zinalia ka, ka, kavu, na yule mama niliyemkuta barabarani mwezi wa saba na vile vijiti vibichi alikuwepo kwenye kundi. Akaniuliza kama mwaka huu trekta linarudi.

Linarudi. Miti 11 imebaki, na jirani wa upande wa pili ameshakata yake 40 anasubiri. Hosi ya kurudisha mafuta ilianza kuchoka pale inapokunja, nimeshaagiza nyingine, na stendi tunaiongezea miguu ya nyuma kwa sababu kwenye mchanga ilikuwa inadidimia. Mke wa mjomba nilimpelekea doti mpya ya kanga. Moja ameifunga, nyingine ameitunza, na siku ya kazi amesema atavaa gauni tupu.